Vita vya muguka na miraa vinamhitaji kijana aliyesoma sheria na uchumi kwa pamoja

Mwezi Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti yake. Usiingizwe, usisafirishwe, usiuzwe. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Ndani ya siku chache Rais William Ruto, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa sababu zao hilo linatambuliwa na sheria ya kitaifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha kwa muda kufuatia kesi ya wakulima. Mbeere watu wakapumua. Pwani wazazi wakabaki na hasira zao.

Mjadala nao ukakwama hapo hapo. Upande mmoja ulishika karatasi ya mahakama, upande wa pili ukashika picha za vijana waliozama kwenye uraibu. Ilikuwa vigumu sana kumsikia mtu akiuliza maswali ya katikati: muguka ukipanda bei kwa shilingi kumi, nani ataacha kuununua kwanza, mtoto wa shule au dereva wa lori? Lori likizuiwa Mariakani, mzigo utarudi Kiritiri au utapita usiku kwa hongo? Na gharama ya kumtibu kijana mmoja wa Pwani aliyeharibika, ni nani anayestahili kuibeba?

Maswali hayo si ya wakili peke yake, wala si ya mwanauchumi peke yake. Kuna fani inayoyashughulikia yote mawili kwa mpigo, na inafundishwa katika masta za kimataifa ambazo kijana wa Meru au Embu anaweza kuziomba leo. Hoja ya makala haya ni kwamba kaunti hizi mbili zinawahitaji watu hao kuliko zinavyojua. Lakini pia ukweli usemwe: masta hiyo si tiketi ya kuomoka, na anayeenda bila swali la nyumbani kichwani atarudi na cheti tu.

Wakili anaona nini, na anakosa nini

Tuanze na sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Hapo ndipo magavana wa Pwani waliposimama. Lakini Sheria ya Mimea ya 2013 inaitambua miraa kama zao, na mwaka 2023 zikatungwa kanuni maalum za miraa ambazo zinaugusa muguka pia. Hapo ndipo Embu iliposimama. Katiba hiyo hiyo, Kifungu 209(5), inasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza ushuru kwa namna inayoumiza biashara inayovuka mipaka ya kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Wakili makini atakukumbusha papo hapo kwamba kifungu hicho kinazungumzia ushuru, si marufuku, na kesi inaanza kunoga.

Sawa. Tuseme wakili wa Embu ameshinda kila kitu. Je, tatizo limeisha? Hapana. Mzazi wa Kisauni bado ana mtoto anayetafuna. Gavana wa Pwani bado anataka kura. Kesho ataacha neno "marufuku" na kutumia ada ya magari, leseni ya wauzaji au masharti ya afya. Mkulima wa Mbeere atarudi kortini tena, na kila safari ya kortini inakula pesa ya sacco.

Mwanauchumi anaona nini, na anakosa nini

Mwanauchumi naye atakuja na lugha yake. Atasema muguka una gharama inayomwangukia mtu ambaye hakuuza wala hakununua: mama wa mraibu, zahanati ya kaunti, mwalimu. Dawa yake ya kawaida ni ushuru: mfanye mnunuzi alipe gharama hiyo ndani ya bei. Inaonekana rahisi kwenye ubao. Lakini ushuru huo uko chini ya sheria gani? Nani ana mamlaka ya kuutoza? Pesa zitaingia kwenye mfuko upi, na nani atahakikisha zinajenga kituo cha kurekebisha tabia badala ya kununua gari la mkubwa? Mwanauchumi asiyejua sheria ananyamaza hapo.

Mtu aliyeziunganisha pande hizi kwa njia iliyobadilisha vyuo vikuu duniani ni Ronald Coase, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Makala yake maarufu kuhusu gharama kwa jamii ilichapishwa mwaka 1960, na mwaka 1991 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mfano wake mmoja ungeeleweka Mbeere bila mkalimani: ng'ombe wa mfugaji wanaingia shamba la jirani na kula mimea.

Sisi tunakimbilia kusema mfugaji ndiye mkosaji, alipe. Coase akasema ngoja kwanza. Ukimzuia mfugaji asimwumize mkulima, umemwumiza mfugaji. Madhara yanaenda pande zote mbili, kwa hivyo swali la maana ni njia gani itapunguza hasara kwa jumla: ua, fidia, au mmoja ahame? Kama wawili hao wanaweza kuketi na kukubaliana bila gharama kubwa, watafika kwenye suluhisho la maana hata kama sheria imempa haki huyu au yule. Lakini kama kukubaliana ni ghali, basi uamuzi wa sheria kuhusu nani mwenye haki unakuwa na uzito mkubwa sana.

Sasa rudi kwenye muguka. Maelfu ya wakulima wa Mbeere na maelfu ya wazazi wa Pwani hawawezi kuketi chini ya mti mmoja wakapatana. Gharama ya kukubaliana ni kubwa mno. Ndiyo maana kila kitu kinaishia kwa gavana, rais au jaji. Na ndiyo maana anayeandika sheria hiyo anapaswa kujua itakavyobadilisha tabia za watu siku ya pili, si kuangalia tu kama imeandikwa vizuri. Kati ya "marufuku kabisa" na "uza utakavyo" kuna vituo vingi: umri wa mnunuzi, leseni, saa za kuuza, umbali kutoka shuleni, ada iliyofungiwa kwa matibabu. Kila kituo kina bei yake, na kila kituo kina kifungu chake.

Meru iliwahi kulipia funzo hili

Wanaofikiri haya ni ya darasani waulize Nyambene. Kwa miaka mingi miraa ya Igembe na Tigania ilipakiwa alasiri, ikakimbizwa Nairobi na kupanda ndege kwenda Ulaya ikiwa bado mbichi. Uholanzi ilikuwa mlango mmoja mkubwa, Uingereza mwingine. Mwanzoni mwa 2013 Uholanzi ikaiharamisha. Julai mwaka huo Theresa May, wakati huo akiwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, akatangaza atafanya hivyo pia. Marufuku ikaanza Juni 24, 2014.

Kuna jambo ambalo wengi mtaani hawalijui. Januari 2013, baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza miraa isiharamishwe. Liliona ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku. Waziri akaamua vinginevyo. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba Uingereza ikibaki peke yake wakati majirani wa Ulaya wameshafunga, itageuka kituo cha kusafirishia mzigo kwenda kwingine. Hiyo si hoja ya afya. Ni hoja ya soko na mipaka, na jibu lake lilihitaji takwimu za usafirishaji, hesabu za kodi na ujuzi wa jinsi sheria za Ulaya zinavyovutana.

Wabunge wetu walisafiri, wakaomba, wakalalamika. Walikuwa na uchungu wa kweli. Lakini uchungu si ushahidi, na vyumba vya London na The Hague husikiliza nyaraka kwanza.

Baada ya hapo soko likaegemea Somalia. Machi 2020 Mogadishu ikafunga anga kwa miraa, mwanzoni kwa sababu ya corona, na biashara ikarejea Julai 2022 baada ya serikali mbili kuzungumza. Zaidi ya miaka miwili zao zima lilining'inia kwenye uamuzi wa nchi moja. Kijana wa Maua aliyekosa karo wakati huo aliumizwa na sheria ya biashara ya kimataifa, ingawa hakuna aliyemwelezea kwa jina hilo.

Si miraa tu: kahawa na chai ziko kwenye foleni

Kwa wale wanaosema miraa ni habari ya wazee, angalia kahawa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine zithibitishwe kwamba hazikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo. Inadai anayeingiza kahawa Ulaya aonyeshe shamba ilikotoka kwa vipimo vya ramani. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji nukta moja tu ya ramani. Kubwa kuliko hapo linahitaji mipaka yote ichorwe.

Wakulima wengi wa vyama vya ushirika vya Embu na Meru wana mashamba madogo, miti mia mbili hivi nyuma ya nyumba. Nukta moja ni rahisi, sivyo? Lakini zidisha kwa kila mwanachama wa kila kiwanda cha kusaga kahawa. Nani atalipia simu, mafuta ya pikipiki na vijana wa kukusanya data? Data hiyo itakuwa mali ya nani, mkulima, chama au kampuni ya kununua? Mkulima asiyesajiliwa akiachwa nje, atauzia nani? Anayeweza kusoma kanuni ya Brussels na kupiga hesabu ya gharama kwa kila kilo ya buni ni mtu adimu sana, na chama cha ushirika kingemlipa kama kingempata.

Chai nayo ilitupa somo la aina nyingine. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa nzuri: mkulima asipunjwe. Viwanda vyenye chai inayopendwa, vikiwemo vya mashariki mwa Mlima Kenya, vilikuwa na afueni. Lakini chai ambayo wanunuzi hawakuiona ina thamani hiyo ilibaki ghalani, mamilioni ya kilo, hadi masharti yakalazimika kulegezwa. Sheria inaweza kuandika bei. Haiwezi kumlazimisha mnunuzi kuinua mkono kwenye mnada.

Masta yenyewe ikoje?

Mpango unaojulikana zaidi katika fani hii barani Ulaya ni masta ya pamoja ya sheria na uchumi, iliyoanza mwaka 1990. Rotterdam nchini Uholanzi na Hamburg nchini Ujerumani ni nguzo zake, na kwa nyakati tofauti imehusisha vyuo vya Ghent, Bologna, Vienna, Warsaw, Haifa hadi Mumbai. Ni ya mwaka mmoja, mihula mitatu, na inafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anahama: anasoma katika vyuo viwili au vitatu vya nchi tofauti, kisha anaandika tasnifu.

Darasani wanaketi mawakili na wanauchumi pamoja. Wakili anafundishwa kusoma grafu na takwimu bila kutetemeka. Mwanauchumi anafundishwa mkataba ni nini, fidia hupimwaje, na kwa nini jaji hawezi kuamua kesi kwa wastani wa takwimu. Kisha wote wanaulizwa maswali ya aina moja: sheria hii itabadilisha tabia ya nani? Nani anaweza kuzuia madhara kwa gharama ndogo zaidi? Ushahidi uko wapi?

Kwa nini kimataifa? Kwa sababu kijana wa Meru akiketi na Mholanzi, Mhindi na Mbrazili, atagundua kwamba ugomvi wa Mombasa na Embu una ndugu zake. Wengine wamepigania pombe, wengine tumbaku, wengine majani ya koka. Kuna yaliyofaulu na yaliyowaharibikia. Si lazima turudie kila kosa sisi wenyewe.

Pesa, viza na kile ambacho cheti hakikupi

Tuongee pesa, maana ndoto bila bajeti ni hekaya. Umoja wa Ulaya una ufadhili wa Erasmus Mundus kwa masta za pamoja. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 mfadhiliwa anapewa Euro 1,400 kwa mwezi na halipi karo. Orodha ya masta zinazofadhiliwa hubadilika, kwa hivyo kabla ya kutuma maombi hakikisha mpango wako umo kwenye orodha ya mwaka huo. Maombi mengi hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Anayesubiri Juni amechelewa.

Ufadhili wa Chevening unakupeleka Uingereza kwa mwaka mmoja, lakini unataka uwe umefanya kazi kama miaka miwili, na unakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Ujerumani nayo, kwa asiye na ufadhili, inataka uonyeshe pesa za kujikimu katika akaunti maalum. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa Euro 11,904 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya Sh1.5 milioni. Kuna familia zimeuza shamba kwa pesa kama hizo. Usikubali. Bila ufadhili, hesabu ya masta hii kwa mtoto wa mkulima mdogo haiingiani, na mtu anayesomea uchumi anapaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Jambo la pili: masta hii haikufanyi kuwa wakili. Kenya bado inataka digrii ya sheria, mafunzo ya Kenya School of Law, miezi sita ya uanagenzi na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Ukiwa na digrii ya uchumi na ukarudi na masta ya sheria na uchumi, huwezi kusimama mbele ya jaji kumtetea mtu. Ukitaka korti, maliza kwanza njia ya korti.

Kazi zake ziko kwingine: Mamlaka ya Ushindani, KIPPRA inayofanya utafiti wa sera, Ofisi ya Bajeti ya Bunge, mashirika ya kudhibiti kawi na mawasiliano, kampuni za mawakili zinazoshughulikia kesi za ushindani na kodi, na sekretarieti za jumuiya kama COMESA. Karibu zote ziko Nairobi au mbali zaidi.

Hapo kuna swali gumu. Kama kazi zote ziko mbali, Meru na Embu zinafaidika vipi? Jibu la haki ni kwamba hazitafaidika zenyewe tu. Kaunti zinaajiri mawakili wa kutetea kesi zikishafunguliwa. Ni nadra kusikia zikitafuta mtu wa kupima athari za mswada kabla haujafika kwa bunge la kaunti. Wakati huo huo, Sheria ya Vyombo vya Kisheria ya 2013 inataka kanuni inayotungwa chini ya sheria ya Bunge, na ambayo itawatwika watu gharama kubwa, iandaliwe taarifa ya athari: gharama ni gani, faida ni gani, kuna njia gani nyingine. Yaani sheria yetu wenyewe imeshaunda kazi hii. Kinachokosekana ni watu wa kuifanya vizuri, na viongozi wa kuidai.

Jibu linaweza kuwauma watu wa nyumbani

Kuna hatari ya mwisho ambayo watu wa nyumbani hawapendi kuisikia. Ukipeleka kijana akasomee kupima gharama na faida, usitegemee arudi kama mpiga debe wa muguka. Huenda akapiga hesabu na kukuta kwamba kwa bei ya sasa wakulima wanapata kidogo huku Pwani ikibeba mzigo mkubwa. Huenda akapendekeza ada ambayo Mbeere haitaki. Huenda pia akakuta kinyume chake, kwamba marufuku ingeumiza maelfu ya familia, ingetajirisha walanguzi, na mtoto wa Kisauni angeendelea kutafuna. Hatujui mpaka mtu apime, na mtu huyo lazima awe huru kutuletea jibu tusilolipenda.

Naye pia asilewe na vipimo. Kuna vitu ambavyo grafu haivioni vizuri: heshima ya mzee wa Njuri Ncheke anayepokea kifungu cha miraa kwenye harusi, au aibu ya mama anayemfungia mwanawe ndani asitoroke kutafuta muguka. Msomi mzuri wa sheria na uchumi anajua mahali hesabu inapoishia na mazungumzo yanapoanza.

Kwa hivyo, ikiwa uko mwaka wa tatu au wa nne, unasomea sheria au uchumi, na unafikiria majuu, anza kazi kabla ya fomu. Chagua swali moja la kwenu. Nenda kwa chama cha kahawa uulize usajili wa mashamba unagharimu nini kwa mkulima mmoja. Keti na mchuuzi wa muguka uhesabu ada anazolipa kutoka Kiritiri hadi Kongowea. Soma uamuzi wa mahakama mwenyewe, si muhtasari wa Facebook. Fufua hesabu zako za sekondari kama wewe ni mtu wa sheria. Soma Katiba kama wewe ni mtu wa uchumi. Barua ya maombi yenye swali la namna hiyo inasomeka tofauti na ile inayosema "nina shauku ya kubadilisha dunia".

Ugomvi mwingine kama ule wa Mei 2024 utakuja. Inaweza kuwa muguka tena, inaweza kuwa kahawa iliyokataliwa bandarini Ulaya. Mawakili watakuwepo, na wanasiasa hawatakosa. Kiti kilicho wazi ni cha yule atakayefungua kompyuta na kusema: hizi ndizo gharama, hawa ndio watakaozibeba, na hiki ndicho kifungu kinachoturuhusu kuzigawa kwa haki.